Chanjo Ilifika Lini?

Tarehe 18 Januari 2021, Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alifungua kikao cha bodi ya shirika hilo kwa hesabu mbili. Katika nchi 49 za kipato cha juu, dozi zaidi ya milioni 39 za chanjo ya korona zilikuwa zimekwisha kutolewa. Katika nchi moja ya kipato cha chini kabisa zilikuwa zimetolewa dozi 25. Ilimbidi afafanue: si milioni 25, si elfu 25, ni 25 tu. Nchi hiyo ilikuwa Guinea, chanjo yenyewe Sputnik V ya Urusi, na miongoni mwa waliochomwa alikuwa Rais Alpha Condé.

Siku hizo redioni na vijiweni watu walikuwa wakibishana jambo jingine kabisa: chanjo ipi ni kali zaidi. Pfizer ilikuwa na asilimia 95, Moderna 94, Sputnik 91.6, AstraZeneca 70, na Sinovac ya China 50 na ushee. Takwimu zilisomwa kama msimamo wa ligi, anayeongoza juu, anayeshuka daraja chini. Msimamo ule ulitupotosha wengi. Ukiirudia historia ya miaka ile mwezi kwa mwezi, unakuta kwamba kilichotenganisha nchi na nchi kilikuwa siku ambayo masanduku yalishushwa uwanja wa ndege. Jina lililoandikwa kwenye chupa lilikuwa na uzito mdogo zaidi.

Tuanze na hiyo 95. Pfizer na wenzao wa BioNTech waliandikisha watu wapatao 43,000 katika nchi kadhaa, zikiwemo Marekani, Argentina, Brazil na Afrika Kusini. Nusu walichomwa chanjo, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa yoyote, na hakuna mshiriki aliyejua amepata ipi. Kisha ikawa ni kusubiri watu waugue. Kufikia Novemba 2020 wagonjwa 170 walikuwa wamepatikana. Orodha ilipofunguliwa, 162 walitoka upande wa maji ya chumvi na 8 upande wa chanjo. Asilimia 95 ilitoka hapo: kati ya wagonjwa 100 ambao wangetokea bila chanjo, 95 hawakutokea. Wengi walielewa kwamba katika kila watu 100 waliochanjwa, watano wataugua. Sivyo. Waliougua katika miezi ile walikuwa wanane kati ya watu zaidi ya elfu ishirini.

Hesabu ya aina hii ni ya mahali pake na wakati wake. Inategemea kirusi gani kinazunguka mitaani, nani ameandikishwa, na mtu akikohoa kidogo anahesabiwa mgonjwa au la. Ndiyo maana chanjo ya Sinovac, ile ile kutoka kiwanda kile kile, ilipata asilimia 83.5 Uturuki, 65.3 Indonesia na 50.4 Brazil. Majaribio ya Brazil yalifanywa kwa wahudumu wa afya waliokutana na wagonjwa kila siku, na hata dalili nyepesi ziliandikwa. Johnson & Johnson, katika tangazo lake la Januari 2021, ilitoa asilimia 72 kwa Marekani na 57 kwa Afrika Kusini, kwa sababu Afrika Kusini ilikuwa tayari imejaa kirusi cha aina ya Beta. Pfizer ilikuwa imemaliza hesabu yake kabla Beta haijaenea. Kuziweka takwimu hizo kwenye safu moja ni kulinganisha wanafunzi waliofanya mitihani tofauti.

Afrika Kusini ndiyo iliyolipia somo hili kwa gharama kubwa kuliko nchi yoyote. Tarehe 1 Februari 2021 Rais Cyril Ramaphosa alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege wa OR Tambo kupokea dozi milioni moja za AstraZeneca zilizotengenezwa na Serum Institute ya Pune, India. Serikali yake ilikuwa imelipa dola 5.25 kwa dozi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekubaliana bei ya euro 1.78 kwa chanjo hiyo hiyo, kwa maelezo kwamba Ulaya ilichangia gharama za utafiti. Lakini Waafrika Kusini nao walikuwa wametoa mikono yao ichomwe katika majaribio, na mchango huo haukuwekewa punguzo lolote.

Siku sita baadaye mpango ukasimamishwa. Profesa Shabir Madhi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na wenzake walikuwa wamefuatilia watu wapatao 2,000, wengi vijana. Waliougua kwa kirusi cha Beta walikuwa 39: 19 waliochanjwa, 20 wasiochanjwa. Tofauti ya mtu mmoja. Kwa hesabu hiyo ufanisi ulikuwa asilimia 10 hivi, na ulimwengu mzima ukasikia kwamba AstraZeneca haifai Afrika. Kilichopotea katika vichwa vya habari ni kwamba hakuna mshiriki hata mmoja, wa upande wowote, aliyeugua sana hadi kulazwa. Utafiti wa vijana wenye afya haukuwa na uwezo wa kusema lolote kuhusu mzee mwenye kisukari anayehitaji oksijeni, na huyo ndiye aliyehitaji kujibiwa. Dozi zile ziliuzwa kwa nchi nyingine za Umoja wa Afrika. Tarehe 17 Februari wahudumu wa afya walianza kuchanjwa kwa Johnson & Johnson huko Khayelitsha, nje kidogo ya Cape Town, na Ramaphosa akachomwa siku hiyo hiyo. Mpango huo, ulioitwa Sisonke, ulifika kwa wahudumu karibu 480,000, na matokeo yake yalionyesha kinga ya asilimia 67 dhidi ya kulazwa na 83 dhidi ya kifo. Silaumu uamuzi wa Februari. Serikali ilikuwa na karatasi ile mezani na wimbi limetoka kupita. Nasikitika tu kwamba 19 kwa 20 ilipita mipaka upesi kuliko chanjo, na katika nchi nyingi ikawapa watu wenye wasiwasi sababu ya kubaki nyumbani.

Visiwa vya Ushelisheli navyo vilitoa hoja kwa wenye shaka. Watu wake ni wapatao laki moja. Rais Wavel Ramkalawan alichanjwa Januari 2021, na wananchi wakafuata, wengi kwa Sinopharm iliyotolewa na Umoja wa Falme za Kiarabu, wengine kwa AstraZeneca ya Pune waliyopewa na India. Mwanzoni mwa Mei zaidi ya asilimia 60 ya wakazi walikuwa na dozi mbili, kiwango cha juu kuliko nchi yoyote duniani. Na mwezi huo huo maambukizi yakapanda, shule zikafungwa tena. Zaidi ya theluthi ya waliokuwa wagonjwa wakati huo walikuwa wamekamilisha chanjo. Habari ilienea kama moto: mmeona, haifanyi kazi. Lakini mahali ambapo wengi wamechanjwa, miongoni mwa wagonjwa hapana budi kuwamo waliochanjwa, na kisiwa ambacho kila mtu amechanjwa kitakuwa na wagonjwa waliochanjwa watupu. Cha kuangaliwa kilikuwa wodini, na huko wengi wa waliolazwa hawakuwa wamekamilisha dozi.

Jawabu la haki zaidi kuhusu ubora wa chanjo lilipatikana baadaye, katika nchi zilizotumia chanjo kwa mamilioni. Chile ilifuatilia watu zaidi ya milioni 10, na Sinovac, ile ya asilimia 50 Brazil, ilionekana kuzuia asilimia 87.5 ya kulazwa na 86.3 ya vifo. Hong Kong ni mfano mzuri kuliko wote, kwa kuwa huko mkazi aliruhusiwa kuchagua kati ya Sinovac na ile ya BioNTech: mji mmoja, hospitali zile zile, kirusi kile kile cha Omicron kilichoingia mwanzoni mwa 2022. Kwa watu wa miaka 60 na zaidi, dozi mbili za BioNTech zilikinga asilimia 89 dhidi ya ugonjwa mkali au kifo, na mbili za Sinovac asilimia 70. Tofauti ipo, wala haifai kufichwa. Walipopata dozi ya tatu, zote mbili zilifika 97 na kuendelea. Hata hivyo wimbi lile liliua watu zaidi ya 9,000, wengi wao wazee. Waliokufa hawakuangushwa na kuchagua Sinovac. Wengi wa wakazi wenye miaka 80 na zaidi walikuwa hawajachomwa yoyote, ingawa chanjo ilikuwapo mjini kwa mwaka mzima.

Huko Hong Kong chanjo ilikuwapo na wazee hawakwenda. Kwetu kwa muda mrefu haikuwapo. Foleni ilipangwa mapema, katikati ya mwaka 2020, kabla chanjo yoyote haijathibitishwa. Marekani, Uingereza, Umoja wa Ulaya, Kanada na wengine walisaini mikataba na kampuni moja moja, wakilipa mapema kwa dozi zinazotosha watu wao mara kadhaa. Ili nchi maskini zisiachwe nje kabisa, ukaanzishwa mfuko wa pamoja ulioitwa COVAX, chini ya Gavi, CEPI, Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Nia ilikuwa kugawa dozi bilioni 2 kufikia mwisho wa 2021, angalau zitoshe mtu mmoja kati ya kila watano katika kila nchi. Lakini COVAX ilipata fedha zake taratibu, na viwanda huhudumia kwanza aliyelipa kwanza. Kanada, mojawapo ya nchi zilizoagiza dozi nyingi mno kwa hesabu ya kila mwananchi, ilipangiwa na COVAX yenyewe dozi milioni 1.9 katika mgao wa kwanza. Kwa mujibu wa kanuni ilikuwa na haki hiyo, kwa sababu ilichangia mfuko. Kanuni za namna hiyo zinaonyesha walioziandika walikuwa nani.

Israel ilikwenda njia yake. Ililipa bei ya juu na ikakubali kuipa Pfizer takwimu za afya za wananchi wake. Ilianza Desemba 2020, na kufikia mwisho wa Machi 2021 zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa na dozi mbili. Mfuko wa afya wa Clalit ulilinganisha waliochanjwa karibu 600,000 na wengine idadi hiyo hiyo wasiochanjwa, na kinga dhidi ya kuugua ikawa asilimia 94, karibu sawa na ile ya majaribio. Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza hawakuwamo kwenye kampeni hiyo. Shehena yao ya kwanza ya COVAX iliingia katikati ya Machi.

Afrika ya kusini mwa Sahara ilikuwa imewekwa karibu yote kwenye kapu moja: Pune. Serum Institute, kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani kwa idadi ya dozi, ilikuwa na leseni ya AstraZeneca ya kutengeneza dozi bilioni moja kwa ajili ya nchi za kipato cha chini na cha kati. Ghana ilipokea dozi 600,000 tarehe 24 Februari 2021, nchi ya kwanza kufikiwa na COVAX. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokea milioni 1.7 mwanzoni mwa Machi, Kenya milioni 1.02 tarehe 3 Machi, Uganda 864,000 siku mbili baadaye huko Entebbe. Rwanda, iliyokuwa imenunua majokofu ya baridi kali mapema, ikapata na Pfizer pia, nchi ya kwanza barani kuitumia chini ya mpango huo.

Kila chupa ya AstraZeneca ilikuwa na dozi 10, nusu mililita kwa mtu. Ikishafunguliwa ilibidi iishe ndani ya saa sita. Katika zahanati ya mashambani muuguzi aliyetoka wilayani na kisanduku chake cha baridi alikuwa na uamuzi mgumu asubuhi nzima: wamekaa wanne kwenye benchi, je, afungue? Akifungua na wasije wengine, dozi sita zinamwagwa jioni. Asipofungua, bibi aliyetembea kilomita nane anaambiwa arudi kesho, na kesho hatarudi. Katika takwimu za taifa dozi zile huitwa upotevu, na bibi yule huhesabiwa miongoni mwa wasiotaka kuchanjwa.

Mwezi mmoja tu wa shehena hizo ndio uliopatikana. Mwishoni mwa Machi 2021 wimbi la kirusi cha aina ya Delta lilianza kuifunika India, na serikali ya huko ikazuia chanjo zisitoke. Kufikia hapo ilikuwa imeshasafirisha nje zaidi ya dozi milioni 60. COVAX ilikuwa inangojea kama milioni 90 za Machi na Aprili, hazikuja. Usafirishaji kwa COVAX ulirudi Novemba tu. Siwezi kuilaumu India kwa moyo wote, kwa jinsi miji yake ilivyokuwa ikichoma maiti viwanja vya maegesho. Ninaowalaumu ni waliopanga kwamba bara zima litegemee mlango mmoja.

Kirusi kile kile kilichofunga mlango wa Pune kikapanda ndege na kufika Kisumu, kikafika Kampala. Hapa ndipo penye ulinganisho ambao kwangu unasema zaidi ya jedwali lolote la asilimia. Uganda na Uingereza zilikutana na Delta majira yale yale, Juni na Julai 2021, na zote mbili zilitegemea AstraZeneca kwa kiasi kikubwa. Watafiti wa Uingereza walikuwa wamepima: dhidi ya Delta, dozi moja ya AstraZeneca ilizuia asilimia 30 tu ya kuugua, mbili zilizuia 67, na kulazwa hospitali kulizuiwa kwa asilimia 92. Kila kitu, basi, kilikuwa katika ile dozi ya pili. Katikati ya Juni Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 40 wenye dozi ya kwanza na karibu milioni 30 wenye mbili. Uganda, nchi ya watu milioni 45 hivi, ilikuwa imepokea dozi zisizofika milioni moja na robo tangu Machi, na waliochomwa mara moja walikuwa wanangoja ya pili ambayo ilikuwa imezuiwa India.

Tarehe 11 Julai watazamaji zaidi ya 60,000 walijaa uwanja wa Wembley kutazama fainali ya Kombe la Ulaya. Uganda ilikuwa imefungwa tangu tarehe 18 Juni kwa siku 42. Oksijeni ilikuwa haba, familia zikihangaika kutafuta mitungi. Shule zilizofungwa tena Juni hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Ukihesabu tangu Machi 2020, watoto wa Uganda walikaa nje ya madarasa kwa vipindi vilivyokaribia miaka miwili, muda mrefu kuliko karibu nchi zote duniani. Wasichana wengi walirudi na watoto mgongoni au hawakurudi kabisa. Ile nayo ni hasara ya chanjo kuchelewa, ingawa hakuna utafiti wa ufanisi unaoweza kuionyesha.

Pamoja na hayo, si kila kuchelewa kulitoka nje. Kongo ilipopokea dozi zake milioni 1.7 iliahirisha kuanza, kwa hofu iliyotoka Ulaya kuhusu kuganda kwa damu. Ilipoanza Aprili muda wa kuisha ulikuwa umekaribia, na dozi karibu milioni 1.3 zikarudishwa zigawiwe kwingine. Burundi ilikataa chanjo hadi Oktoba 2021, ilipopokea Sinopharm. Tanzania ilikuwa na mkondo wake. Januari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema hadharani kwamba hana imani na chanjo za kigeni. Alifariki Machi. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, nchi ikajiunga na COVAX, na tarehe 24 Julai zikaingia dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson. Siku nne baadaye Rais alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera.

Wengi walidhani foleni zitajaa. Hazikujaa. Mwisho wa mwaka ule waliokamilisha chanjo walikuwa bado chini ya asilimia 5 ya Watanzania wote. Mtu aliyeambiwa miezi sita mfululizo kwamba sindano ile ina hila hageuki kwa picha moja ya Ikulu. Kilichobadilisha mambo ni Mpango Shirikishi na Harakishi: wahudumu wakaacha kusubiri zahanati na kwenda sokoni, misikitini, makanisani, minadani, nyumba kwa nyumba, wakiwa na viongozi wa dini na wenyeviti wa vijiji. Kufikia mwisho wa 2022 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamekamilisha. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwisho kuanza, ikawapita wengi walioitangulia. Wanaosema Waafrika hawataki chanjo wangetazama hapo: watu walewale, nchi ileile, mwaka mmoja baadaye.

Kuna kisingizio kingine kilichorudiwa mno, kwamba nchi zetu zisingeweza kutunza chanjo ya Pfizer, iliyohitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Aliyesema hivyo hakuwa amefika Beni wala Butembo. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, wahudumu wa Kongo waliwachanja watu zaidi ya 300,000 kwa chanjo iliyotakiwa ikae katika nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Walifanya hivyo penye barabara za tope na umeme wa kubahatisha, huku wenye bunduki wakishambulia vituo vya matibabu. Walizungusha chanjo kwa kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kila aliyemgusa huyo. Hoja ya baridi inanikumbusha mwaka 2001, mkuu wa shirika la misaada la Marekani aliposema dawa za UKIMWI hazitawafaa Waafrika kwa kuwa wengi hawafuati saa. Mamilioni leo wanazimeza kwa wakati kila siku.

Chanjo zilipoanza kufika kwa wingi, mwishoni mwa 2021, nyingi zilifika zikiwa zimezeeka. Nchi tajiri zilikuwa zimezihifadhi, kisha zikazitoa kama msaada zikiwa zimebakiwa na wiki chache. Malawi ilikuwa imeteketeza kwa moto dozi 19,610 hadharani mwezi Mei ili kuwahakikishia wananchi kwamba hawatachomwa zilizoisha muda. Nigeria ililazimika kuharibu dozi 1,066,214 mjini Abuja tarehe 22 Desemba. Mwezi huo peke yake nchi maskini zilikataa dozi zaidi ya milioni 100 za COVAX, hasa kwa sababu ya muda wake kuisha. 

Hata aliyefanikiwa kuchanjwa hakutambuliwa. Cheti cha chanjo cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021, AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya ilikubalika na ile ya Pune haikuwamo kwenye orodha ya pamoja, ingawa fomula ni moja. Uingereza iliipa Kenya msaada wa dozi 817,000, kisha Septemba ikatangaza kanuni za wasafiri ambazo hazikumtambua aliyechanjwa Kenya. Mtu angeweza kuchomwa Nairobi dozi iliyotoka Uingereza, akatua Heathrow na kuhesabiwa hajachanjwa. Nairobi ililalamika, na baada ya wiki kadhaa Kenya ikaingizwa kwenye orodha.

Jambo la Gqeberha, Afrika Kusini, linaumiza kwa namna yake. Kiwanda cha Aspen huko kilikuwa kikijaza chupa za Johnson & Johnson. Agosti 2021 ilibainika kwamba sehemu ya dozi hizo zilikuwa zikipelekwa Ulaya, wakati Umoja wa Afrika, kupitia mjumbe wake Strive Masiyiwa, ulikuwa umeagiza dozi milioni 220 za kampuni hiyo na zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuingia kidogo kidogo. Baada ya kelele mpango ule ulibadilishwa. Machi 2022 Aspen ikapata leseni ya kutengeneza na kuuza chini ya jina lake, chanjo ya Kiafrika hatimaye. Oda hazikuja. Wanunuzi wakubwa, mifuko ile ile ya kimataifa, walikuwa na ghala zilizojaa misaada.

Watafiti wa Imperial College London walikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza chanjo zilizuia vifo milioni 14.4 duniani, na zaidi ya hapo ukihesabu vifo ambavyo havikuandikwa. Ni mafanikio makubwa mno, na anayeyabeza hakukaa wodi ya korona. Walikadiria vilevile kwamba lau kila nchi ingefikia asilimia 40 mwisho wa 2021, kama Shirika la Afya Duniani lilivyolenga, watu 599,300 zaidi wangeishi. 

COVAX ilifungwa tarehe 31 Desemba 2023, ikiwa imegawa karibu dozi bilioni 2, zile zile zilizoahidiwa, kwa kuchelewa miaka miwili. Agosti mwaka uliofuata homa ya nyani, mpox, ilitangazwa kuwa dharura ya kimataifa. Aina mpya yake ilikuwa imegunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, ikavuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Safari hii haikuwa lazima kuvumbua chochote. Chanjo ya kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark ilikuwapo, na baadhi ya wakazi wa Ulaya na Marekani walikuwa wamechanjwa nayo tangu kiangazi cha 2022. Kongo, iliyoishi na ugonjwa huo tangu mgonjwa wa kwanza wa binadamu alipotambuliwa huko mwaka 1970, ilipokea dozi zake za kwanza 99,100 Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Mwezi mmoja baadaye wahudumu wa hospitali mjini Goma wakaanza kuchanjwa. Chanjo ilikuwa imeidhinishwa kwa watu wazima, wakati wengi wa wagonjwa na wa waliokufa Kongo walikuwa watoto.